Nitajengaje kiwanda kikubwa cha saruji kwenye meza ndogo ya reli?

Swali: "Habari fundi. Naishi Donholm kwenye nyumba ya kupanga, na nina meza ya reli ya mfano ya skeli ya HO, urefu mita 2.4 na upana sentimita 60, imeegemea ukuta wa sebule. Kila nikipita Mombasa Road naviona vile viwanda vya saruji vya Athi River, na sasa nataka kujenga kimoja ili treni zangu ziwe na kazi ya kufanya. Nikipiga hesabu ya vipimo vya kweli, hakiingii hata sebuleni. Rafiki amenishauri nipunguze kila kitu kwa nusu. Nilianza na ukuta wa katoni wa sentimita 90, nikaupaka gundi nyeupe ya mbao na kubandika karatasi juu yake. Kesho yake nilikuta umejipinda ncha zote mbili. Je, nitafute katoni nzito zaidi, niagize seti ya plastiki kutoka Marekani, au nipeleke mchoro kwa watu wa leza? Na nipunguze kwa kiasi gani?"

Ndugu yangu, naona wasiwasi wako ni kwamba kiwanda kikubwa hakiwezi kukaa kwenye meza hiyo bila kuonekana kama kibanda, na ukuta uliojipinda umekufanya uanze kushuku mikono yako. Mikono yako haina tatizo. Ukuta ulijipinda kwa sababu inayoeleweka, nitakueleza. Lakini tuanze na ukubwa, kwa maana ukikosea hapo hakuna gundi itakayokuokoa.

Skeli ya HO ni 1:87, kwa hiyo meza yako yote ni sawa na kiwanja cha mita 209 kwa 52. Kiwanda kamili cha saruji, chenye kuchoma chokaa kuwa klinka, yale mawe madogo yanayosagwa kuwa saruji, hakitoshei hapo. Mnara wa kupashia malighafi joto hufika mita 90 au zaidi. Hiyo ni zaidi ya mita moja juu ya meza yako. Tanuri la kuzunguka lenye urefu wa mita 60 linakula sentimita 69, na bado hujaweka maghala, kinu wala silo. Umepiga hesabu sawasawa, na hofu yako ina msingi.

Ushauri wa rafiki yako, hata hivyo, usiufuate. Jicho la mtu halina tepu ya kupimia. Linakadiria ukubwa wa jengo kwa vitu linavyovijua: mlango, ngazi, kingo ya mkono kwenye jukwaa, mtu aliyesimama, behewa lililoegeshwa kando. Mlango wa mita 2.1 ni milimita 24 kwenye HO. Kingo ya mkono ya mita 1.1 ni milimita 12 na nusu. Ukivifanya hivi kuwa nusu, behewa lako litaonekana jitu na kiwanda kitaonekana kimejengewa watoto. Jengo litakuwa limepungua kwa vipimo na kwa hadhi pia.

Kinachopunguzwa ni idadi. Ghala la kweli lenye nguzo 20 lipe nguzo 7, lakini umbali kati ya nguzo na nguzo uwe wa kweli. Silo 8 ziwe 3. Ghorofa 9 za jumba la kinu ziwe 5, kila moja na kimo chake halali. Mtazamaji hahesabu nguzo. Anaona zinajirudia, na kule kujirudia ndiko kunakomwambia kwamba mahali hapa ni pakubwa. Ukipunguza idadi hadi mbili, hakuna tena kujirudia na jengo linakufa. Kwangu mimi tatu ndiyo kima cha chini, na tano inapendeza zaidi kwa sababu jicho halizishiki zote kwa mtazamo mmoja.

Sasa, kuna njia ya kupunguza kiwanda bila kumdanganya mtu yeyote. Si kila kiwanda cha saruji kina tanuri. Baadhi ya vile unavyoviona Athi River ni vya kusaga tu: klinka, ambayo huchomwa kwenye joto la kama nyuzi 1,450 za Selsiasi, huletwa kutoka kwingine ikiwa mawe madogo ya kijivu, kisha husagwa pamoja na jasi kidogo na mara nyingi pozolana, yale mawe ya volkano. Kiwanda cha namna hiyo hakina mnara wa kupashia joto wala tanuri. Kina banda la klinka, konveya iliyofunikwa inayopanda juu, jumba la kinu, kichujio cha vumbi, silo na nyumba ya kufungashia. Hicho kinaingia kwenye meza yako bila kubanwa mbavu. Tena kinaipa reli kazi pande zote mbili: klinka na jasi zinaingia, saruji inatoka. Kiwanda chenye machimbo yake kando hupokea chokaa kwa konveya au kwa malori, na treni inabaki kubeba bidhaa tu. Ningekuwa na meza yako ningechagua kiwanda cha kusaga bila kufikiri mara mbili.

Ukishachagua, usianze na majengo. Anza na mahali reli inapogusa kiwanda, kwa sababu hizo ndizo sehemu pekee zinazohitaji kuwa kamili. Kwenye kiwanda cha kusaga ziko tatu: banda ambamo behewa la klinka linafunguliwa chini na kumwaga shimoni, sehemu iliyo chini ya silo ambapo behewa la tangi linajazwa saruji isiyofungashwa, na jukwaa la kupakilia mifuko ya kilo 50. Tandika reli, weka mabehewa unayotaka kuhudumia na uone yanachukua nafasi gani. Behewa la mita 13 ni sentimita 15 kwenye HO, kwa hiyo manne yanataka sentimita 60 za reli iliyonyooka. Hapo ndipo urefu wa kiwanda chako unapotoka. Kimo cha jukwaa usikitafute vitabuni. Pima sakafu ya behewa lako mwenyewe, jukwaa lilingane nayo.

Nikiwa hapo, jambo moja kuhusu reli zenyewe. Reli ya HO ina upana wa milimita 16.5, ambao kwa skeli ya 1:87 ni milimita 1,435, yaani upana wa SGR, reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Reli ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi ina upana wa mita moja, na kwa skeli hiyo ingetaka njia ya milimita 12. Zote mbili zinapita Athi River, kwa hiyo huna kosa. Ila ukienda Makumbusho ya Reli ya Nairobi kupima mabehewa, na nakuhimiza uende, ukumbuke kwamba unayopima pale ni ya ile ya zamani.

Majengo mengine yote, yale ambayo treni haiyagusi, yaweke nyuma yakiwa uso tu: ukuta wa mbele na kipande cha paa, kina cha sentimita 3 hadi 5, yameegemezwa ukutani mwa sebule. Kwa sentimita 25 za kina unapata kiwanda chenye safu tatu: reli na jukwaa mbele, silo na jumba la kinu katikati, na nyuso za maghala nyuma. Zile za nyuma kabisa ndizo unazoweza kuzichora kwa skeli ndogo zaidi kidogo, ili zionekane ziko mbali, mradi usiweke karibu nazo mlango, mtu wala gari. Hapo pekee ndipo ushauri wa rafiki yako una mahali pake.

Kabla ya kuinua ukuta wowote karibu na reli, fanya jaribio la penseli. Funga penseli kwenye ubavu wa behewa lako refu kuliko yote, katikati na kwenye ncha, kisha lisukume polepole kwenye kona. Katikati ya behewa huchomoza upande wa ndani wa kona, na ncha zake huchomoza upande wa nje. Behewa ambalo vitovu vya bogi zake, yale mafungu mawili ya magurudumu chini yake, vimeachana milimita 200, kwenye kona yenye nusu kipenyo cha milimita 457, huchomoza ndani karibu milimita 11. Hiyo inatosha kung'oa nguzo ya banda. Ukuta ukae nje ya mstari wa penseli, na uongeze milimita chache za usalama.

Tuje kwenye ukuta wako. Karatasi ni nyuzi za miti. Nyuzi zikinywa maji hunenepa, na hunenepa zaidi kwenye upana wake kuliko kwenye urefu. Gundi nyeupe ya mbao ina maji mengi. Ulipoipaka upande mmoja, uso ule ulivimba, na karatasi uliyobandika nayo ikavimba ikishikana nao. Usiku vyote vilikauka vikasinyaa, lakini upande wa pili wa katoni ulikuwa haujatanuka hata kidogo, hivyo haukuwa na cha kusinyaa. Uso wenye gundi ukavuta, ukuta ukafuata. Katoni nzito zaidi itavutwa polepole, si kwamba haitavutwa. Na hata ikitulia leo, Nairobi haikai na unyevu mmoja: masika ya Machi hadi Mei na baridi ya mawingu ya Juni hadi Agosti huilowesha hewa, Januari na Februari huikausha. Kipande kirefu cha sentimita 90 kitaenda na msimu.

Dawa ni mbili na zinakwenda pamoja. Ya kwanza ni usawa: unachokifanya upande wa mbele ukifanye na wa nyuma. Ukibandika karatasi mbele, bandika karatasi ileile nyuma, siku ileile, nyuzi zikielekea upande uleule. Mivuto miwili inapingana na ukuta unabaki katikati. Ya pili ni mifupa. Ukuta mrefu usisimame peke yake kamwe; uwe upande mmoja wa sanduku lenye mbavu za ndani kila baada ya sentimita 10 hivi, na kipande cha kona kila pembe. Sanduku halijipindi kirahisi kwa sababu kila uso unazuiwa na mwingine. Nimeona majengo ya mfano yenye nje ya kupendeza yakipotea umbo ndani ya mwaka mmoja kwa sababu ndani hamkuwa na kitu, na inaniuma kila mara kwa kuwa mbavu ni kazi ya jioni moja.

Katoni zako usizitupe. Jenga nazo kiwanda kizima harakaharaka kwa utepe wa kunata, ukubwa kamili, bila madirisha. Kiache mezani wiki chache ukiendesha treni. Utagundua silo zinaficha swichi ya njia, au mkono wako haufiki nyuma, au jumba la kinu linapendeza zaidi likihamia kushoto. Kubadilisha hapo ni bure.

Kwa jengo lenyewe, kati ya njia tatu ulizouliza ningechanganya. Kuta kuu zikate kwa bodi ya PVC, ile nyeupe nyepesi inayotumiwa na watengeneza mabango. Ya milimita 3 kwa kuta na 5 kwa mbavu. Hainywi maji, hukatwa kwa kisu kikali na rula ya chuma, na hushikana vizuri kwa supaglu. Udhaifu wake ni kwamba rangi huiteleza usipoipiga msasa kwanza, na kingo zake hazitoi umbo kali la vitu vidogo. Bodi ya fomu (foam board) ya madukani mwa vifaa vya shule ni nyepesi zaidi, lakini ujue kwamba rangi ya kopo ya kupuliza na gundi ya viatu hula fomu iliyo katikati, hasa kwenye kingo zilizokatwa.

Leza itumie kwa vile vitu vinavyojirudia ambavyo mkono huchoka: fremu za madirisha, kingo za mkono, ngazi za chuma. Peleka mchoro na ukate kwenye kadi nyembamba au akriliki. Usikubali kamwe bodi ya PVC ikatwe kwa leza, hata mwenye mashine akikuambia hakuna neno. PVC ina klorini. Ikichomwa hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayowasha macho na mapafu na kula vyuma vya mashine yenyewe. Fundi mzuri atakukatalia, na hiyo iwe alama ya kwamba umefika kwa mtu sahihi.

Seti za plastiki, kama zile za Walthers ya Marekani, ni nzuri kwa madirisha na mabomba yake makali. Lakini zenyewe zimeshapunguzwa ili ziingie kwenye sanduku, kwa hiyo moja peke yake haitakupa ule ukubwa unaoutafuta, na juu ya bei kuna usafirishaji na ushuru. Ukitaka kutumia pesa huko, nunua seti moja ya vitu vidogo vya kiwandani na uvisambaze kwenye jengo ulilojenga mwenyewe.

Silo ndizo zawadi ya mradi huu. Paipu ya PVC ya maji taka ya milimita 110, inayopatikana hadwea yoyote, ni silo ya mita 9.6 kwenye HO. Ya milimita 160 ni karibu mita 14. Vyote viwili ni vipenyo vya kuaminika. Silo ya mita 30 kwenda juu ikate sentimita 34 na nusu, na kwa bahati njema mzunguko wa paipu ya 110 nao ni karibu urefu huohuo, kwa hiyo manila ya kuivika ni mraba. Kuivika kuna faida: kunaficha maandishi ya kiwanda cha paipu na kunakupa uso unaopokea rangi kama zege. Kata paipu kwa kuizungushia ukanda wa karatasi ulionyooka na kufuata ukingo wake, la sivyo mdomo utakwenda upande. Tatu zikisimama bega kwa bega, na nyumba ndogo ya konveya juu yake, hata mgeni asiyejua treni atasema, "Hiki ni kiwanda cha saruji."

Kwa mabati, wengi hubandua karatasi ya katoni ili mawimbi ya ndani yawe mabati. Hesabu inakataa. Mawimbi ya katoni ya kawaida yameachana kama milimita 7, ambayo kwa HO ni sentimita 60. Mabati ya kweli yana wimbi la kama milimita 76, yaani chini kidogo ya milimita moja kwa skeli yako. Chukua trei za foili za chakula, zilaze juu ya gazeti lililokunjwa, na ukandamize mistari kila milimita moja kwa rula na kalamu iliyokwisha wino. Kisha, na hili ndilo linaloleta uhai, usibandike karatasi moja kubwa. Kata vipande vya milimita 9 kwa 34, sawa na bati la mita 3, na uvibandike vikipandana kidogo kuanzia chini kwenda juu. Kimoja kiwe na kutu, kingine kipya. Ni kazi ndefu, lakini paa la kiwanda ndilo linaloonekana zaidi, kwa sababu meza ya reli hutazamwa kutoka juu.

Kwa kuwa umepanga nyumba, jenga kiwanda kwa vipande vitatu au vinne vinavyong'oka, vikiachana mahali ambapo hata kiwanda cha kweli kina mwanya: kwenye konveya, kati ya silo na jumba la kinu. Siku ya kuhama kila kipande kipite mlangoni na kikae kwenye katoni yake. Kuna sababu nyingine pia: plastiki hutanuka kwa joto, na ukuta mmoja wa mita 1.2 unaweza kurefuka zaidi ya nusu milimita kati ya alfajiri ya Julai na mchana wa jua, ukabana reli au ukapasua gundi. Paa la banda la kushushia klinka liwe la kuinuliwa kwa vidole. Treni itaacha njia humo ndani, hilo ni hakika.

Rangi nitaipitia haraka. Ardhi ya Athi River ni udongo mweusi wa pamba, si ule mwekundu wa Kiambu, kwa hiyo usiweke vumbi jekundu. Vumbi la saruji hukaa juu ya vitu vilivyolala na kuteremka kwa michirizi chini ya matundu. Tumia unga wa chaki ya kijivu na varnishi isiyong'aa. Saruji yenyewe usiitumie: hunyonya unyevu na kuganda, na chembe zake zikiingia kwenye gia za injini zitazisaga.

Taa ndogo za LED kwa umeme wa volti 12 zinafaa. Kwa LED nyeupe moja tupu weka rezista ya kilo-omu 1.8, upate mkondo wa kama miliampea 5. Kiwanda cha usiku hakihitaji zaidi. Paka kuta kwa ndani rangi nyeusi kwanza, maana bodi nyeupe hupenyeza mwanga na jengo lote likang'aa kama kibatari. Adapta inunue iliyokamilika, na chochote cha volti 240 kinachohitaji kukatwa waya kiache kwa fundi umeme mwenye leseni.

Mahali pengine pa kumwona mtu ana kwa ana ni mawili. Gundi na rangi za kuyeyusha zikikupa kichwa kuuma au kizunguzungu, toka nje kwenye hewa. Hali isipotulia, nenda kliniki na kopo lenyewe mkononi ili wasome kilichomo. Na kama unafikiria kuitoa meza miguu na kuifunga ukutani, mwite seremala aone ukuta wenyewe kwanza, kwa sababu kuta nyingi za nyumba za kupanga zina plasta laini juu ya tofali zenye matundu. Mwonyeshe uzito wa meza pamoja na kiwanda, si meza tupu, na upate idhini ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Picha za kiwanda usizipige ukiwa kwenye ua wake au ndani ya eneo la reli bila ruhusa. Picha za setilaiti kwenye simu zinatosha kupima urefu wa maghala, na kwa kimo hesabu kingo za mkono na ghorofa kwenye picha uliyoipiga ukiwa barabarani.